Pesa Iliyo Mkononi Mwako Ni ya Nani?

Andiko: 2 Wafalme 4:1–7 na 2 Wafalme 6:1–7



Wale waliokuwa ibada ya pili Jumapili iliyopita watakumbuka kwamba sikumaliza mahubiri. Saa ilinikimbia. Na kusema ukweli, kuna sehemu niliogopa kuisema kwa maikrofoni. Naiandika hapa, kwa sababu karatasi haina macho ya watu mia tatu.

Tulikuwa tunasoma habari ya yule mjane na chupa yake ya mafuta. Ni andiko tunalolipenda sana sisi Wapentekosti. Mimi mwenyewe nimelihubiri si chini ya mara sita, na kila mara nimekaza sehemu moja: vyombo. Leta vyombo vingi! Mafuta hayakukoma mpaka vyombo vilipokwisha, kwa hivyo shida si Mungu, shida ni vyombo vyako vichache! Watu wanasimama, wanapiga makofi, wengine wanakimbia mbele na sadaka. Hakuna uongo katika hayo. Lakini habari hiyo ina mwanzo na ina mwisho, na mimi nilikuwa nahubiri katikati peke yake.

Mwanzo wake ni deni. Mume wa huyu mama alikuwa mmoja wa wana wa manabii, na mjane anamkumbusha Elisha kwamba marehemu alimcha Mungu. Kwa lugha ya leo tungesema alikuwa mtumishi. Mtumishi huyo alikufa akaacha deni, na mwenye kudai alikuwa njiani kuja kuchukua watoto wawili wawe watumwa wake. Hebu tulia hapo kidogo. Mtu alimcha Mungu kweli, na bado deni lake likawaangukia watoto ambao hawakukopa chochote. Uchaji wake haukulifuta.

Na mwisho wake ni deni pia. Mafuta yalipokoma, mama huyu hakukimbia sokoni. Alirudi kwa mtu wa Mungu akamweleza yaliyotokea, na jibu alilopewa lina mpangilio: uza, kisha lipa unachodaiwa, kisha wewe na wanao muishi kwa kitakachobaki. Nyumba imejaa mafuta ya muujiza, na jambo la kwanza analoambiwa baada ya kuuza ni kwamba sehemu ya pesa hiyo si yake.

Hiyo ndiyo sehemu niliyoogopa. Wacha nieleze kwa nini.

Miaka michache iliyopita dada mmoja wa kanisa hili alikuja ofisini na fomu za mkopo wa Sacco. (Naandika haya kwa ruhusa yake. Ameyasoma kabla ya kuchapishwa, akaniambia niondoe sentensi mbili, nami nimeziondoa.) Alikuwa na kibanda cha nafaka: maharagwe, ndengu, mahindi, mchele kidogo. Kibanda kilikuwa kinamlisha na kusomesha watoto. Sasa alitaka kufungua duka la pili, kubwa, karibu na steji, na kulijaza stoki kwa mara moja. Mkopo ulikuwa shilingi 300,000. Alihitaji wadhamini watatu, na wote watatu walikuwa wa hapa kwetu: ndugu wawili wanaohudumu mlangoni Jumapili, na mzee mmoja wa ushirika wa wanaume.

Akaniuliza, "Pasta, unaonaje?"

Nina digrii ya biashara. Miaka minne nilifundishwa maswali ya kumwuliza mtu aliyeshika fomu kama hiyo. Unauza gorogoro ngapi kwa siku, siku nzuri na siku mbaya? Kwa duka la pili atakaa nani? Bei ya maharagwe ikishuka baada ya mavuno, utakuwa na magunia mangapi uliyonunua kwa bei ya juu? Mkopo unaanza kulipwa mwezi gani, na mwezi huo duka litakuwa limeanza kuingiza kitu? Sikuuliza hata moja. Niliona kama kuuliza ni kumvunja moyo, na kuvunja watu moyo si kazi ya mchungaji. Nikamwambia, "Dada, Mungu wetu si Mungu wa kibanda." Tukashika zile fomu, tukaomba, nikazipaka mafuta. Wadhamini waliposikia pasta ameziombea, walitia sahihi jioni hiyo hiyo.

Mengine mnaweza kukisia. Alinunua maharagwe mengi wakati bei iko juu. Mavuno yakaingia, na mengine yakaletwa kutoka Uganda na Tanzania, bei ikateremka. Akakataa kuuza kwa hasara, akangoja, na maharagwe yanayongoja huwa na wageni wake: fukusi. Duka lilihitaji mtu wa kuajiri. Kodi nayo haijui kungoja. Akaanza kuchukua pesa ya kibanda kulipia duka, kisha mikopo ya simu kulipia Sacco, mpaka duka na kibanda vyote vikafungwa. Sacco ikafanya vile masharti yake yanasema, ikaenda kwa akiba za wadhamini. Yule mzee alikuwa ameweka hiyo akiba kwa ajili ya karo ya mjukuu.

Dada hakuonekana kanisani miezi saba. Kuna wale walioniambia ati amerudi nyuma kiroho. Hakuwa amerudi nyuma. Wadhamini wake wanakaa safu ya tatu, angepita wapi?

Nimefikiria sana nilikosea wapi. Kosa halikuwa kuomba, na nitaendelea kuombea biashara za watu mpaka nizeeke. Wala halikuwa kumtia moyo mtu aliye na hamu ya kukua. Hata kufilisika kwenyewe si dhambi, kwa sababu biashara hufa kwa ukame, kwa ugonjwa, kwa barabara kufungwa mbele ya duka. Kosa liko mahali pengine, na ili nilifikie lazima nipitie kwenye gunia moja la maharagwe. Mnivumilie kwa hesabu.

Gunia ni kilo 90. Gorogoro ni kilo mbili, kwa hivyo kwa karatasi gunia lina gorogoro 45. Kwa soko hazifiki 45, kwa sababu hakuna mteja anayekubali gorogoro iliyosawazishwa. Lazima ipande kichwa. Tuseme zinatoka 43. Tuseme tena (bei hubadilika, hizi ni za mfano tu) umenunua gunia kwa shilingi 9,000, na gorogoro unauza 240. Gunia likiisha umeshika shilingi 10,320. Mfuko wa aproni umefura. Lakini 9,000 kati ya hizo ni gunia lijalo. Ukizila, kesho hakuna cha kupima. Zinabaki 1,320. Ondoa 300 ya gari na mkokoteni, zinabaki 1,020. Na hapo bado hatujagusa kodi ya kibanda, ushuru wa kaunti, wala leseni.

Sasa huyu mtu ana zaidi ya elfu kumi mkononi. Na ana njaa, ana mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, ana mchango wa mazishi unaosomwa kila jioni kwenye kundi la WhatsApp, jina lake bado halijawekewa kitu. Noti ya gunia na noti ya faida zina rangi moja. Mkono hauwezi kuzitenganisha, ni akili inayozitenganisha. Mimi naamini hiyo ndiyo akili ya kwanza ya mfanyabiashara, kabla ya ujasiri, kabla ya maono, kabla ya yale maneno ya kutia moyo tunayotumiana kwenye simu kila asubuhi: kuweza kuangalia pesa iliyo mkononi mwako na kusema bila kujidanganya, hii ni ya nani.

Hebu fikiria ni watu wangapi wako ndani ya droo moja ya duka. Kuna muuza jumla aliyekupa mzigo ukamwambia utamlipa Ijumaa. Kuna mwenye nyumba. Kuna kijana anayekusaidia, ambaye mshahara wake wa mwisho wa mwezi tayari uko humo ingawa tarehe bado. Kuna mteja aliyelipa nusu ili umwekee kitu. Kuna chama. Kuna serikali, na hapo najua mmenuna. Ukishawatoa hao wote, ndipo unakuja wewe. Biashara nyingi ndogo ambazo nimeona zikifa hazikufa kwa kukosa wateja. Zilikuwa na wateja mpaka siku ya mwisho. Mwenyewe alikuwa anakula pesa za hao wengine, polepole, bila nia mbaya, akidhani ni zake.

Na kwa kuwa hiki ni kijitabu cha kanisa, wacha niguse pale panapowasha. Fungu la kumi. Nimejua wafanyabiashara wenye moyo safi kabisa wanaotoa fungu la kumi la mauzo. Rudi kwa lile gunia: kumi kwa mia ya 10,320 ni 1,032. Kilichobaki kabla ya kodi na ushuru kilikuwa 1,020. Ametoa zaidi ya kile alichopata, na tofauti hiyo, pamoja na chakula cha watoto wake, inatoka kwa gunia lijalo au kwa mtu anayemdai. Kisha akifunga kibanda tunashangaa, mbona alikuwa mtoaji mwaminifu? Mkulima wa Israeli alitoa zaka ya yale ambayo shamba lake lilimzalia, hakutoa zaka ya magunia ambayo jirani alimwekea ghalani. Ndugu yangu, dada yangu, toa fungu la kumi la kilicho chako, na ulitoe kwa furaha. Pesa ya muuza jumla mpelekee muuza jumla. Nilimwonyesha mchungaji wetu kiongozi aya hii kabla ya kuipeleka kwa mchapaji. Alikaa kimya kitambo, akasema, "Chapisha."

Najua kuna mtu anauliza: sasa pasta, tukihesabu kila kitu hivi, imani iko wapi? Ibrahimu alitoka kwao bila kujua anakokwenda. Angekaa na kikokotoo angekuwa angali Harani.

Swali hilo nalichukua kwa uzito, kwa sababu lina ukweli. Hakuna biashara iliyowahi kuanzishwa na mtu aliyengoja mpaka ajue kila kitu. Hesabu hufika mahali ikaisha. Unaweza kuhesabu gunia, kodi na nauli, lakini huwezi kuhesabu kama mtu wa kwanza atasimama mbele ya meza yako siku ya kwanza. Hapo lazima mtu arushe mguu gizani. Yesu mwenyewe, anapozungumza kwenye Luka 14 juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, hamlaumu kwa kutaka mnara. Anasema habari ya kuketi kwanza na kupiga gharama. Mnara bado unajengwa, na mjengaji bado hajui kama mvua itanyesha.

Lakini angalia yule mjane alihatarisha nini. Chupa ilikuwa yake. Kama mafuta yangeisha kwenye chombo cha pili, angepoteza nini? Chupa moja ya mafuta, na aibu ya kurudisha kwa majirani masufuria yao. Na hivyo vyombo alivyoazima vilikuwa vitupu. Elisha alitaja jambo hilo wazi. Hakumwambia akaazime mafuta. Kwa hivyo ile imani kubwa tunayoipigia makofi ilisimama juu ya mali yake mwenyewe na uso wake mwenyewe. Kama ingeshindikana, angeumia yeye.

Hapo nilidhani nimemaliza: imani ni kuhatarisha kilicho chako, na kuhatarisha cha mwenzako ni kamari iliyovaa suti ya Jumapili. Nikaandika hivyo kwenye daftari langu la mahubiri. Kisha nikakumbuka Mathayo 25, ikanibidi nifute.

Kwa sababu wale watumwa waliopewa talanta walifanya biashara na pesa ya bwana wao. Haikuwa yao hata senti. Wawili waliihatarisha wakasifiwa, na yule aliyeilinda kwa kuifukia ndiye aliyetupwa nje. Kwa hivyo haiwezi kuwa kila wakati ni kosa kuhatarisha mali ya mtu mwingine. Na tukitazama dunia ilivyo, bila pesa ya wengine hakuna Sacco, hakuna chama, hakuna benki, hakuna muuza jumla anayekupa mzigo kwa mkopo. Nusu ya kanisa hili ingekuwa haina kazi.

Tofauti ni nini basi? Nimeitafuta usiku mwingi, na hii ndiyo niliyopata. Yule bwana alijua. Aliwaita mwenyewe, akawapa mwenyewe, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake, maana yake alikuwa amewapima. Alitaka pesa ifanye kazi, na pesa inayofanya kazi inaweza kupotea. Kisha kukawa na siku ya kufanya hesabu nao. Mwenye mali alijua amempa nani, kwa ajili gani, na kwamba ataletewa hesabu. Yule mzee wetu wa safu ya tatu hakujua. Hakujua bei ya maharagwe, hakujua dada anauza gorogoro ngapi, hakujua kodi ya lile duka. Alijua kitu kimoja tu: pasta ameomba.

Hapo ndipo nilipokosea, wapendwa. Niliweka jina la Mungu mahali ambapo mzee alistahili kuwekewa habari. Alikuwa na haki ya kuambiwa, "Hii inaweza kuanguka, na ikianguka karo ya mjukuu wako inaenda nayo. Bado unataka kutia sahihi?" Labda angetia. Anampenda dada huyo kama binti yake. Lakini ingekuwa imani yake yeye, imani ya mtu aliyefunguliwa macho. Mimi nilimtoa sadaka bila yeye kujua yuko juu ya madhabahu.

Ndiyo maana siku hizi nikisikia mtu akimwambia mwenzake "Nikopeshe, Mungu ataonekana," nashtuka kidogo. Mungu ataonekana, ndiyo. Lakini je, umemweleza? Ukienda kwa shemeji yako, kwa chama, kwa rafiki wa kwaya, kumwomba mtaji, tumia dakika kumi kumwambia mambo yanayoweza kuharibika. Akikataa baada ya kuyasikia, hajakosa imani. Amelinda kitu alichopewa kukilinda.

Kuhusu kukua, ambako ndiko wengi wetu huvunjikia miguu, nenda kwa 2 Wafalme 6. Ni wale wale wana wa manabii, ule ushirika wa marehemu mume wa mjane. Wanamwambia Elisha kwamba mahali wanapokaa pamekuwa padogo, waende Yordani wakakate miti wajenge pakubwa zaidi. Elisha hakatai. Tena anakubali kwenda nao. Mungu hachukii upanuzi. Katikati ya kazi, mmoja anakata mti, kichwa cha shoka kinachomoka na kuzama mtoni. Kilio chake sikizeni vizuri. Halilii jengo, na hasemi kazi imechelewa. Analia kwa sababu shoka lile lilikuwa la kuazima.

Huyo mtu nampenda. Kuna wengi wetu tungesema, "Wacha, nitamwambia mwenyewe limepotea, kwani si chuma tu?" Yeye katikati ya mradi mkubwa wa kiroho aliendelea kukumbuka mwenye shoka.

Sisi Wakenya tumeona nini hutokea shoka likisahauliwa. Nani hapa hakumbuki Nakumatt? Ilianza Nakuru kwa kuuza magodoro. Jina lenyewe linatoka huko. Ikapanda mpaka ikawa na matawi zaidi ya 60 Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Kuingia Nakumatt siku ya Jumapili baada ya ibada, hata kama ni kununua mkate, ilikuwa kutembea kwa fahari. Kisha rafu zikaanza kuwa tupu. Mwanzoni mwa 2018 mahakama ikaiweka chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ifungwe, ikiwa na madeni ya mabilioni ya shilingi. Kati ya waliobaki wakidai ni wale waliokuwa wanapeleka bidhaa. Sijui moyo wa mtu, wala siandiki ili kumhukumu mtu. Nawafikiria tu wale wadogo kwenye ile orodha. Kuna wale ambao mzigo waliopeleka ulikuwa mtaji wao wote, na ukawa shoka lililozama kwenye upanuzi wa mtu mwingine.

Lakini kuna jambo lingine kwenye ile habari ya shoka, na hili ndilo lililonisaidia kurudi kwa dada yetu. Elisha hakuanza na muujiza. Alianza na swali: kimeanguka wapi? Na yule mtu akamwonyesha mahali. Ndipo kijiti kikatupwa na chuma kikaelea.

Kanisani hatuulizi "kimeanguka wapi." Biashara ya mtu ikifa tunamwambia "usijali, Mungu atakupa nyingine kubwa zaidi," na yeye anaondoka bila kuonyesha mahali, na mara ya pili anaangusha pale pale. Au tunamwuliza kwa sauti ya polisi, na yeye anaficha. Equity, ambayo leo ni kati ya benki kubwa kabisa nchini, ilianza 1984 kule Murang'a kama chama kidogo cha kukopesha watu nyumba, na kufikia 1993 ilikuwa kwa hesabu imefilisika. Benki Kuu ilisema hivyo waziwazi. Na bado ikasimama. Kitu kilichosemwa wazi kwamba kimeanguka kinaweza kuinuliwa. Kilichofichwa, mtaanzia wapi?

Tulikaa watu watano ofisini: dada, wadhamini watatu, na mimi. Ilikuwa Jumamosi, na hakuna aliyegusa chai. Dada alikuja na bahasha ya karatasi zote, akazimwaga mezani. Tulitumia saa tatu. Hapo ndipo niliuliza yale maswali ambayo nilipaswa kuuliza mwanzo, na kila jibu lilikuwa linanichoma mimi kuliko yeye. Ilionekana mahali: mwezi wa pili, alipochukua pesa ya kibanda mara ya kwanza kulipa kodi ya duka. Kabla ya hapo angefunga duka na kibanda kingebaki hai. Alikuwa ameona hivyo wakati huo. Nilipomwuliza kwa nini hakufunga, aliangalia chini, akasema, "Ningefungaje, Pasta, na wewe ulikuwa umelitolea ushuhuda?" Kweli nilikuwa nimelitolea ushuhuda, Jumapili mbili, kwa maikrofoni.

Nikasema nitakuwa naingiza shilingi 3,000 kila mwezi kwa lile deni. Mzee akakataa. "Pasta, wewe hukutia sahihi." Nikamwambia, "Mzee wangu, sahihi sikutia, lakini mdomo nilitia." Hakujibu. Baadaye kuna waliosema nimefungua mlango mbaya, ati sasa kila biashara ikianguka watu watakuja kwa pasta. Wanaweza kuwa na haki, sijui. Ninachojua ni kwamba ningetaka kila anayeombea mkopo wa mtu ajisikie kama aliyeudhamini. Tungeomba kwa makini zaidi. Labda tungeuliza kwanza.

Deni halijaisha. Dada amerudi sokoni na magunia mawili, ya maharagwe na ya ndengu, kwenye kona ya kibanda cha mwenzake anakolipa kidogo kwa wiki. Ana daftari la mistari, amelichora safu tatu kwa rula: ya gunia, ya watu, yangu. Kuna wiki ambayo safu ya tatu haina kitu. Wiki hizo huniambia yeye mwenyewe, kabla sijauliza. Yule mzee hununua ndengu kwake kila Ijumaa na hukataa kupunguziwa bei, ila gorogoro lazima ipande kichwa.

Kuanzia Jumanne ijayo, saa kumi na mbili jioni, kabla ya maombi ya katikati ya wiki, nitakuwa nimekaa kwenye meza ile ya nyuma ya ukumbi, karibu na mlango wa jikoni. Ukitaka kuanza biashara, au unayo na huelewi pesa inaenda wapi, au uko karibu kumtilia mtu sahihi ya udhamini, njoo. Leta daftari. Kama huna daftari, leta risiti vile zilivyo, hata zikiwa zimekunjwa ndani ya aproni, na ujumbe za M-Pesa usizifute. Tutahesabu kwanza, kisha tutaingia kuomba pamoja na wengine. Dada yetu amesema atakuwepo kwa meza hiyo, na atakuja na rula yake.